Kambare wa Ngazi ya Nne

Jumapili saa mbili asubuhi Mzee Lugala, mwenyekiti wa Ngazi ya Nne, alifungua chumba cha tangi akamkuta Mjumbe amegeuka tumbo juu. Hakupiga kelele. Na yeye mwenyewe alikuwa hoi, amekesha chooni. Akapanda ghorofa mbili kwa kushika ukuta, akagonga nyumba namba tano.

"Sechelela," akasema mlango ulipofunguka. "Njoo umtoe samaki wako."

Seche akalisikia hilo neno. Siku zote alikuwa samaki wetu. Leo amekufa, amekuwa wake.

Alishuka bila viatu. Akaingiza mikono yote miwili kwenye tangi, akamnyanyua. Kambare mrefu kama mkono wa mtu mzima, mweusi mgongoni, mweupe tumboni, ndevu zake nane zimelala kama nyuzi zilizolowa. Nyuma ya kichwa kile kifungo cha fedha kilikuwa bado kinawaka taa ya kijani, kinapepesa, kinasubiri mtu wa kumsikiliza. Seche akakifunika kwa kidole gumba ili asikione.

Miaka sita alikuwa amemlea. Alikabidhiwa kazi hiyo akiwa na miaka tisa, kwa sababu sheria ya mji inataka mlezi mwenye mikono isiyopakwa manukato, halafu Mzee Lugala akaongeza lake: awe mtu asiye na makelele. Kwenye nyumba zote kumi za ile ngazi hapakuwa na mtu wa kumfikia Seche kwa kutokuwa na makelele. Darasani akijua jibu alisubiri kwanza mwenzake akosee, na mwenzake akikosea, kengele inalia, basi.

Sasa, Dodoma ya siku hizo ilikuwa haipati mvua ya kutosha hata kulowesha vumbi. Kila ngazi ya kila jengo ilikuwa na maji yake, yale yale, yanazunguka. Maji uliyoogea Jumatatu yanashuka chini, yanachujwa, Jumatano unayachemshia chai. Na kabla hayajapanda kwenda kwa mtu yeyote, yanapita kwa kambare. Kambare hana ulimi mdomoni tu, mwili wake mzima ni ulimi. Kifungo kinasikiliza mishipa yake, na akichukia kitu, koki kuu inajifunga kabla hujahesabu tatu. Mwanzoni mji ulijaribu mashine. Lakini mashine inaijua sumu uliyoitajia. Kambare hajatajiwa chochote, ila akichukia amechukia. Na huyu, kwa kuwa alihudumia nyumba kumi, wakamwita Mjumbe.

Watu walikuwa wameanza kutoka, wamejifunga vitenge na mablanketi. Bwana Kusila wa namba mbili, ambaye hata msibani hukosi kumsikia, akachungulia.

"Mjumbe kafia madarakani," akasema.

Mmoja akacheka, halafu akashika tumbo akarudi ndani mbio.

"Miaka sita kwa samaki wa tangi ni uzee," alisema Mzee Lugala. "Ulimi ulishachoka. Maji mabaya yamepita, hakuyaonja. Ndiyo maana tumelala chooni ngazi nzima."

"Kweli, alikuwa mzee."

"Tungembadilisha mapema."

Walikubaliana hivyo pale pale, kila mtu akiitikia kwa kichwa, na Seche amesimama katikati yao amembeba. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye viwiko yakidondokea miguuni.  

Yeye alijua. Mjumbe hakushindwa kuonja. Mjumbe alikataa mara tatu.

*

Ilikuwa jana yake, Jumamosi, siku ya sendofu ya Ndahani, sherehe ya kumuaga binti anayeolewa.

Mama Ndahani wa namba saba alikuwa na masufuria matatu makubwa ya pilau na wakwe wanaokuja kutoka Singida, watafika saa kumi. Saa nne asubuhi koki ikajifunga. Ikafunguka yenyewe, kama inavyofanya samaki akitulia. Ikajifunga tena. Saa tano kasoro ikajifunga mara ya tatu, mchele umeoshwa nusu, nyama haijaguswa.

Akamwita Seche kwenye chumba cha tangi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Samaki wako anaringa leo. Siku zote hizi, aje kuringa leo?" Alikuwa na sufuria mkononi na kilemba kimelegea. "Nishikilie koki, dakika kumi tu, nijaze."

Pembeni ya tangi kulikuwa na kishikio, chuma chekundu. Kiliwekwa kwa ajili ya moto. Nyumba ikiungua huwezi kumsubiri samaki aridhike, kwa hiyo mlezi akiweka dole na kushika, maji yanapita hata samaki akikataa, robo saa, si zaidi. Ni moto tu. Seche alikuwa hajawahi kukigusa isipokuwa kukifuta vumbi.

"Maji yenyewe haya hapa." Mama Ndahani alichota kidogo kwenye bomba dogo la kupimia, lililo kabla ya koki, akamwinulia kikombe. "Yana rangi? Yana harufu?"

Maji yalikuwa meupe kama machozi.

"Amekataa mara tatu, mama," alisema Seche, akiiambia sakafu.

"Umesema?"

Seche akameza mate. "Nimesema sawa, mama."

Akaweka dole, akashika. Maji yakapita. Nyuma ya kioo Mjumbe alipanda kwenye pembe ya juu ya tangi, mbali na mdomo wa bomba, akaanza kupiga mkia. Alipiga, akapumzika, akapiga. Seche alimwambia, "Vumilia kidogo," kama unavyomwambia mtoto anayesukwa nywele. Alishika dakika kumi na nne, mpaka Mama Ndahani alipopiga kelele kutoka juu kwamba inatosha, Mungu ambariki.

Chini ya jengo, chujio lilikuwa limechanika, na dawa ya kuzibulia mabomba ilikuwa inavuja ndani ya maji.

Watu kumi na wanane waliumwa. Wakwe wote walioonja pilau. Mama yake Seche, mpishi wa shule ya msingi, aliyealikwa aje kusimamia masufuria, akawekewa dripu. Mtoto wa Bwana Kusila, kichanga cha miezi miwili, alizidiwa Jumapili mchana akalazwa siku tatu, kwa sababu mama yake alimwogeshea yale maji na akamwonjesha kidogo kwa kijiko, kama bibi yake alivyoelekeza, apunguze kwikwi. Hakuna aliyekufa, isipokuwa yule aliyesema mapema.

*

Jumanne Seche alikwenda kwa fundi Yudita. Ilibidi. Mlezi ndiye anayeweka dole kwa samaki anayefuata, sheria ndivyo inavyosema.

Karakana ya Yudita ilikuwa banda refu lenye matangi pande zote na sakafu isiyokauka. Yudita mwenyewe alivaa buti za mpira, na vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo za arusi nzima. Alikipokea kile kifungo cha Mjumbe, akakifuta kwa kitambaa, akakichomeka kwenye kifaa chake.

"Pole," akasema. "Alikuwa samaki mzuri. Mimi ndiye niliyemleta."

"Asante, fundi."

"Haya. Ngazi yenu inataka nini? Kisanduku ninacho, mashine, hailishwi wala haifi. Ila Ngazi ya Pili walichukua kisanduku, mwaka jana kikapitisha kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekifundisha. Kifaranga kipya cha kambare ninacho pia. Huyo mpaka ayajue maji yenu, ajue sabuni yenu na jasho lenu, ni miezi minane. Miezi minane koki imefungwa, mnachota kwa ndoo kwenye kioski cha mji, mnapandisha wenyewe."

"Na chapa?"

"Chapa ni siku moja tu."

Akamwonyesha. Kila alichokionja Mjumbe kwa miaka sita, kila alichokipenda na kukichukia, kilikuwa kimeandikwa kwenye kifungo. Unachukua kifaranga, unamvisha kifungo, unampigia ile chapa kichwani. Akiamka, anayajua maji yenu kama aliyezaliwa ndani yake.

"Na kilichokuwa kichwani mwake mwanzo?" Seche aliuliza.

"Kinafutika. Ana miezi mitatu. Ana nini cha maana?"

Kifaranga kilikuwa kwenye tangi la mezani, kirefu kama kidole cha kati. Kwenye kioo alikuwepo konokono mdogo anapanda. Kifaranga kilimsubiri mpaka afike karibu na juu, kikamsukuma kwa pua, konokono akaanguka chini. Kikasubiri. Konokono akaanza tena kupanda. Kikamsukuma. Seche aliangalia mara nne, na mara ya tano kifaranga kilijificha kwanza nyuma ya jiwe, kama kimeona mchezo umekuwa rahisi mno.

"Naweza kukuonjesha," alisema Yudita. "Dakika moja, bila kubandika. Halafu anarudi kama alivyo. Ingiza mkono."

Akamvisha kifaranga kifungo kidogo, akabonyeza.

Kifaranga kikamwacha konokono. Kilikuja moja kwa moja kwenye mkono wa Seche, kikajilaza ubavu, kikapitisha ndevu zake juu ya kile kifupa cha kwenye kifundo cha mkono, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Hakuna samaki mwingine duniani aliyekuwa anafanya hivyo. Mjumbe alianza siku ya pili tu baada ya kuletwa, na hakuacha.

"Mjumbe," alisema Seche.

Zilipita sekunde kama arobaini. Kisha kifaranga kikageuka, kikapanda kwenye pembe ya juu ya tangi, kikaanza kupiga mkia. Maji yalikuwa masafi. Kilipiga, kikapumzika, kikapiga. Kikajigonga kwenye kioo, kikajigonga tena mpaka ngozi ya kwenye pua ikabadilika rangi.

"Zima."

"Subiri, inaisha yenyewe."

"Zima, fundi! Zima!"

Yudita akazima. Alimwangalia yule binti aliyeingia pale akisalimia kwa sauti ya panya. Kifaranga kilishuka mpaka chini, kikalala kwenye mchanga, mapezi yanatetemeka.

"Hiyo sehemu ya mwisho," Seche alisema, "haikatiki?"

"Inakatika. Lakini ndiyo wanayoitaka. Mwenyekiti wenu ameshaniandikia, chapa kamili. Anasema samaki wa kwanza alishindwa kuijua sumu ile, wanataka wa pili awe ameshaionja."

"Atakuwa anaikumbuka kila siku?"

Yudita alivua kofia, akajikuna kichwa. "Nimeshabandika wanne wa namna hiyo, ngazi mbalimbali. Kazi wanafanya, siwezi kudanganya. Mtu akipiga chafya koki inajifunga. Kula hawali vizuri. Wamebaki wawili." Akachomoa kifungo cha Mjumbe kwenye kifaa, akakishika kwenye kiganja bila kumpa. "Na huyu wenu hakushindwa. Mimi nimeona. Kishikio kimeshikwa dakika kumi na nne."

Seche akakitazama kifungo.

"Rekodi ni mali ya mlezi," alisema Yudita. "Simsomei mtu mwingine. Ila bila dole lako sibandiki kitu. Alhamisi nakuja na ndoo."

*

Jumatano mchana Mama Ndahani alibisha hodi na chupa ya uji.

"Mama yako anaendeleaje?"

"Amelala. Anaendelea vizuri."

"Tumshukuru Mungu." Akakaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu anayengoja jina lake liitwe. Alikuwa amepungua. Yeye naye aliumwa, ila hakuna aliyempa pole, maana ndiye aliyepika. "Wakwe wamerudi Singida. Shangazi yake kijana bado yuko wodini huko. Wanasema watatupa jibu."

"Poleni, mama."

"Mzee Lugala ameniambia kesho unaweka dole." Akainama mbele. "Weka, mwanangu. Samaki anarudi, watu wanapata maji, wanasahau. Wakwe wamekubali kwamba samaki alizeeka. Hilo wanalielewa. Wakisikia lingine, Ndahani wangu ameachika kabla hajaolewa."

"Anaogopa, mama."

"Nani?"

"Kifaranga. Nimemwona. Akiwekewa ile chapa anapiga mkia hivi..." Seche akajaribu kuonyesha kwa mkono, akaona haya, akaushusha.

Mama Ndahani akasimama.

"Sechelela. Mimi ndiye ninayeogopa," akasema.

Akaiacha chupa mezani akatoka. Seche alibaki amesimama. Kutoka chumbani sauti ya mama yake ikaja, nyembamba lakini imenyooka.

"Macho yamelala. Masikio hayajalala."

Seche akaenda kukaa pembeni ya kitanda. Akamwambia yote, kwa kifupi, akiangalia shuka. Mama yake hakumkatiza. Huyu ndiye aliyemsemea Seche maisha yake yote, dukani, hospitali, kwa mwalimu wa zamu, hata kwa kinyozi. Seche alipomaliza, mama akajigeuza akaelekea ukutani.

"Kesho sitakusemea," alisema. "Hili si la kusemewa."

*

Kikao cha ngazi hukaliwa kwenye ngazi zenyewe. Kila nyumba ina kidato chake, namba kumi juu kabisa, namba moja chini, na anayezungumza anasimama pale sakafuni, anawatazama akiinua kichwa. Seche alikuwa hajawahi kusimama hapo.

Yudita alikuwa ameleta kifaranga kwenye ndoo ya bluu, na kifaa cha kuwekea dole. Mzee Lugala alisoma ajenda, ajenda ilikuwa moja.

"Weka dole, mwanangu, tukachote maji. Watu wana nguo za wiki nzima."

"Sitaki," alisema Seche.

"Ongeza sauti," Bwana Kusila akadakia kutoka kidato cha pili. "Hata samaki hajakusikia, na yuko hapo miguuni pako."

Wakacheka. Seche akaangalia ndani ya ndoo. Kifaranga kilikuwa kinazunguka pembeni, kinaipima kwa ndevu. Akaamua kukiambia chenyewe.

"Mjumbe hakushindwa," akasema. "Alikataa. Alikataa mara tatu Jumamosi asubuhi. Mimi nilishika koki."

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa.

"Dakika kumi na nne. Fundi ana rekodi, muulizeni. Chapa ya nini? Mnasema huyu lazima aijue ile sumu. Mjumbe alikuwa haijui. Hakuwahi kuionja maisha yake yote, na aliikataa. Na huyu ataikataa bila kutiwa woga kichwani. Samaki wetu hakuwa na tatizo. Alisema, sisi tukapitisha." Akavuta pumzi. "Mimi nikapitisha."

"Kulikuwa na moto?" aliuliza Mzee Lugala, polepole.

"Hapana."

"Sasa kwa nini?"

"Niliombwa."

"Na nani?"

Macho yote yalikuwa juu yake. Seche aliona miguu yao tu, safu za kandambili zikipanda kwenda juu. "Na mtu mzima," akasema. "Nikashindwa kusema hapana. Lakini mkono ulikuwa wangu."

Bwana Kusila alisimama. Alishuka vidato viwili, akaja akasimama mbele yake, karibu, na kwa mara ya kwanza tangu Seche amjue uso wake haukuwa na mzaha wowote.

"Mwanangu amechomwa sindano kichwani," alisema. "Kichwani, Sechelela. Mikononi walikosa mshipa. Nilimshika mimi mwenyewe asitikisike."

"Najua, baba."

"Hujui."

"Sijui," alisema Seche. Machozi yalikuwa yanamshuka ila sauti ilikuwa bado ipo.

"Mwache," ikatoka sauti juu, kidato cha saba. Mama Ndahani alikuwa amesimama, ameshika reli kwa mikono miwili. "Mwache mtoto wa watu. Ni mimi. Mimi ndiye niliyemwomba. Na aliniambia. Aliniambia amekataa mara tatu, nikamuuliza umesema, akaogopa. Nilikuwa nimemsikia, jamani. Nilimsikia vizuri kabisa."

Pale sasa ndipo kelele zilipoanza. Mwingine alisema Mama Ndahani ahame, mwingine akasema nani hajawahi kuilaani ile koki ikijifunga na sabuni imo machoni. Wa namba tisa alitaka kisanduku. Wa namba nne akamkumbusha kisanduku cha Ngazi ya Pili. Mama yake Seche, aliyeshushwa kwa kushikwa mkono, alikaa kidato chake cha tano na hakusema neno hata moja, na kila mtu alishangaa. Saa nzima ilipita. Mwishoni Mzee Lugala akapiga kifimbo chake kwenye reli.

Seche ameondolewa ulezi. Hilo halikupingwa. Mlezi mpya ni Bwana Kusila, kwa kuwa hakuna aliyeonekana kuwa na sababu kubwa zaidi ya kuwa makini. Samaki atakuwa kifaranga, bila chapa. Wataanza kuchota kwa ndoo. Na mpaka kambare ajue maji, maji ya nyumba namba mbili, ya kichanga na ya kufulia nepi zake, yatabebwa na Seche na Mama Ndahani, kwa zamu.

"Imebaki hii," alisema Yudita, akifungua kiganja. Kifungo cha Mjumbe. "Chapa isipotumika haitunzwi, sheria inakataa, mtu asije akaiba akabandika kichochoroni. Inafutwa. Bado wewe ndiye mlezi mpaka nitakapoandika jina jipya, kwa hiyo dole ni lako." Akashusha sauti ili ngazi isisikie. "Ukifuta imefutika. Hata ile ya ndevu mkononi mwako."

Seche alikuwa ameshalifikiria hilo. Tangu Jumanne halikumtoka. Alikuwa amejaribu kutafuta njia ya kubaki na zile sekunde arobaini, hizo tu, kwenye kitu chochote, hata kisichoogelea. Akaona zinakaa ndani ya samaki au hazikai.

"Najua," akasema.

Akaweka dole. Taa ya kijani ikazimika.

*

Miezi minane ni mirefu ukiihesabu kwa ndoo. Seche aliota sugu mbili kwenye kila kiganja. Mama Ndahani aliota tatu, na alikuwa anazionyesha. Ndahani aliolewa mwezi wa tano. Wakwe walikuja wachache, na shangazi yule alikuja na maji yake kwenye dumu, akakaa nalo katikati ya miguu sherehe nzima.

Kifaranga kilikua kikawa kambare. Hakikumpenda Seche kwa namna yoyote ya pekee. Mlezi hakuwa yeye, na aliruhusiwa kuingia chumba cha tangi Jumamosi tu, kufuta vioo. Kambare alimwangalia, akaendelea na mambo yake. Walikuwa wamemwekea konokono watatu, na wote watatu walikuwa na kazi ngumu.

Mwezi wa tisa Yudita akawasha kifungo na kufungua koki. Siku ya nne, saa tatu asubuhi, watu wakiwa katikati ya kuoga na kufua, koki ikajifunga.

 Milango ikafunguka mmoja mmoja. Bwana Kusila alitoka na taulo kiunoni, povu limejaa masikioni na kichwani. Dole lake ndilo lililokuwa linafungua kile kishikio sasa. Akaingia chumba cha tangi, watu wakamsikiliza. Akatoka.

"Amekataa," akatangaza.

Hakuna aliyemuuliza amesema nini. Wakamwita Yudita, akaja na vifaa vyake, akapima juu, akapima chini, akakagua chujio mara mbili. Mpaka saa tisa alasiri alikuwa bado yumo ndani. Alipotoka alikuwa anacheka kidogo.

"Ni sabuni," alisema. "Namba tisa wamebadilisha sabuni ya kufulia, ina limau. Haina madhara yoyote. Amekosea. Mpeni siku mbili aizoee."

"Siku mbili!" alisema wa namba tisa. "Kwa limau?"

Wote wakamwangalia Bwana Kusila. Povu lilikuwa limemkaukia, limekuwa magamba meupe shingoni. Alijikuna sikio, akatazama unga kwenye kucha.

"Basi na akosee," akasema.

Akaingia kwake akatoka na ndoo. Seche, aliyekuwa tayari ameshachukua zake mbili pamoja na ile ya namba mbili, akaona ile ya tatu inachukuliwa mkononi mwake.

"Hii nitabeba mwenyewe," alisema Bwana Kusila. "Twende, foleni itajaa."

Wakashuka.